Jinja ya Uganda pakoje? Nataka kujua historia ya viwanda vyake na sehemu za kutembelea

Fundi_Kirumba
Wakuu habari za jioni. Mimi niko Mwanza, ni fundi wa mitambo ya baridi kwenye viwanda vya samaki huku kwetu, na kwa sababu ya kazi hii nimekuwa napenda sana miji ya viwanda, nikifika mji wowote kabla sijauliza sehemu za starehe nauliza kwanza kiwanda cha zamani kiko wapi na kilikuwa kinatengeneza nini. Sasa mwezi wa saba nina likizo kidogo na mke wangu amesema mwaka huu tusiende kijijini, tutoke na watoto tuone sehemu mpya, mimi nikasema Jinja.

Nachojua ni kidogo. Najua ndipo mto Nile unapotokea ziwani, najua kuna bwawa la umeme la siku nyingi, na marehemu babu yangu alikuwa anasema shuka za Jinja zilikuwa hazichaniki. Pia nimewahi kusikia kwamba enzi hizo ulikuwa mji wa pili Uganda nzima baada ya Kampala, viwanda vimejaa, afu ukaanguka. Maswali yangu ni haya, kwanza kwa nini viwanda vilirundikana pale na sio Kampala ambako ndio kuna watu na serikali? Pili vilikufaje, na kuna vinavyofanya kazi mpaka leo? Tatu mtu mwenye familia akifika anaona nini zaidi ya kupiga picha kwenye kibao cha chanzo cha Nile? Nne, njia. Kutoka Mwanza nipite Mutukula au nizungukie Sirari na Kisumu?

Wenye kuujua mji naombeni mfunguke, hata kama ni maelezo marefu nitasoma yote.

Eldy_Highlands
Mkuu nenda, hutajuta. Sisi tulienda kutoka Eldoret na watu wa kazini, tukapitia Malaba, asubuhi uko Eldoret na mchana unakula samaki Jinja ukiangalia mto. Ukiwa Mkenya unaingia na kitambulisho tu, nyinyi Watanzania sijui mnatakiwa kubeba nini, ulizia kabla hujasafiri.

Kitu kikubwa kule kwa vijana ni kushuka maporomoko na boti za mpira, mnavaa helmeti na yale makoti ya kuelea, mwongoza boti anapiga kelele "pigeni makasia!" na nyote mnapiga, afu wimbi linakuja linawapindua, raha tupu. Kuna pia kuruka na kamba kutoka kwenye mnara ulio juu ya mto, hiyo mimi niliiangalia tu. Kwa watoto wadogo kuna safari za boti sehemu maji yametulia, wanaona ndege, kenge, na wavuvi na mitumbwi yao.

Afu kuna hii ambayo Wakenya wengi hawaijui, na wewe fundi utaipenda. Miaka ya 50 mwishoni umeme wa Nairobi ulikuwa unatoka Jinja. Ilijengwa laini ndefu ya nguzo za chuma kutoka Tororo mpaka Juja, na kwa miaka mingi kabla hatujajenga mabwawa yetu ya mto Tana, viwanda vya Nairobi vilikuwa vinakula umeme wa Nile. Mimi nilipoliona lile bwawa nililiheshimu sana kwa sababu hiyo.

Mtoto_wa_Walukuba
Fundi karibu sana. Mimi nimezaliwa Walukuba, zile kota za wafanyakazi zilizojengwa upande wa mashariki wa mji enzi za mkoloni, na mzee wangu alikuwa kiwanda cha nguo cha Nytil kwenye mashine za kufuma mpaka mambo yalipoharibika. Kwa hiyo haya nitakayoandika mengine nimeyasikia nyumbani na mengine nimeyatafuta mwenyewe nikiwa mkubwa, maana inauma kuona mji wako unatajwa kwa sentensi moja tu ya chanzo cha Nile basi.

Ntaanza na maji kwa sababu jibu la swali lako la kwanza liko kwenye maji. Zamani ziwa lilikuwa linamwagika kupita juu ya mwamba, ndio yale maporomoko Speke, mpelelezi wa Kiingereza, aliyafikia tarehe 28 Julai 1862 akayabatiza Ripon kwa jina la bwana mkubwa mmoja wa Uingereza, ingawa Wasoga na Waganda walikuwa wakivua samaki hapo vizazi na vizazi. Na wewe wa Mwanza una sehemu yako kwenye hii hadithi, kwa sababu Speke aliliona ziwa kwa mara ya kwanza hapo hapo kwenu, Agosti 1858, akahisi kwamba Nile inatoka humu lakini hakuwa na ushahidi, ikabidi arudi tena kutoka Zanzibar kupitia Tabora mpaka afike Jinja ahakikishe. Na hakuwa peke yake jamani, msafara ulikuwa na watu wa pwani na wa bara, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani akafika mpaka India, bila watu kama huyo Speke asingefika popote. Upande wa magharibi wa mto kuna mnara wa Speke lakini Bombay hana hata kijiwe, mimi hilo huwa linanikera.

Haya. Chini kidogo ya Ripon kulikuwa na maporomoko mengine yanaitwa Owen. Churchill wa Uingereza alipita pale 1907 akiwa bado kijana serikalini, akaona nguvu yote ile inapotea bure akaanza kuwaza mitambo. Lakini wakati huo mji wenyewe ulikuwa wa pamba. Wakulima wa Busoga walilima pamba, ikajengwa reli ndogo kutoka Jinja mpaka Namasagali ikamalizika 1912, mizigo inashuka na kupanda meli za ziwa Kyoga, na upande huu kuna meli za ziwani zinazounganisha na Kisumu na reli ya Mombasa. Yaani Jinja ilikuwa mahali pa kushusha na kupakia kabla haijawa ya kutengeneza. 1931 daraja la reli likavuka Nile, treni ikafika Kampala bila kuhitaji meli. Na hapo Kakira, kilomita kama 16 hivi mashariki, Muljibhai Madhvani alikuwa ameshafungua kiwanda chake cha sukari 1930.

Kilichobadilisha kila kitu ni bwawa lililojengwa hapo Owen. Ujenzi ulianza 1949 na Malkia Elizabeth akaja mwenyewe kulifungua tarehe 29 Aprili 1954. Mitambo kumi, jumla megawati 150 ikikamilika, na kwa wakati ule Uganda haikuwa na pa kuupeleka umeme wote huo. Ndo maana mwingine wakauza Kenya kama ndugu wa Eldoret alivyosema, na ndo maana serikali kupitia shirika lake la maendeleo, UDC, ikawa inavuta viwanda vijengwe karibu na bwawa. Mantiki ilikuwa hiyo Fundi, umeme uko pale pale, maji ya kiwanda yako pale, reli inapita pale, pamba na miwa viko shambani nyuma ya mji. Kampala ilikuwa na ofisi, sisi tulikuwa na mashine.

Misri nao walichangia pesa kwenye lile bwawa, watu wengi hawajui. Walitaka liinuliwe zaidi ili ziwa lote liwe kama hifadhi ya maji yao, na kwa makubaliano wakaweka injinia wao akae Jinja aangalie maji yanayoachiliwa. Hebu fikiria, mkulima wa Misri maelfu ya kilomita huko chini na bado mtu wake yuko Jinja anasoma kipimo.

Basi viwanda vikaja. Nytil ya nguo ng'ambo ya mto Njeru, hiyo ndio ya shuka za babu yako, ilianzishwa na UDC na watu wa nguo wa Manchester, wanasokota uzi wanafuma wanapaka rangi vyote hapo hapo. Mulco ya Madhvani nayo nguo. Kiwanda cha bia Njeru. Kiwanda cha sigara. Chuma, wanayeyusha vyuma chakavu kutoa nondo. Majembe. Unga. Na kile ambacho mimi nikiwaambia watu wanashangaa, kuyeyusha shaba. Shaba ilichimbwa Kilembe kule chini ya milima ya Rwenzori, reli ikasogezwa mpaka Kasese 1956 kwa ajili yake, na ile shaba ghafi ikasafirishwa zaidi ya kilomita 400 kuja Jinja kwa sababu tu umeme uko Jinja, ikiyeyushwa inaendelea Mombasa kwenye meli. Mzee alikuwa anasema usiku ukipita karibu na kile kiwanda ulikuwa unaona mwanga mwekundu.

Watu wa kufanya kazi wakatoka kila kona. Walukuba kwetu jirani wa kulia Mluo kutoka Kenya, wa kushoto Mteso, mbele Msamia, nyuma Msoga mwenyewe, na wote wanaelewana kwa Kiswahili. Waganda wengi huwa wanasema Kiswahili ni cha wanajeshi, na kweli kambi ya KAR, jeshi la mkoloni, ilikuwa Jinja na amri zilitolewa kwa Kiswahili, hata maasi ya askari ya Januari 1964 upande wa Uganda yalitokea kwenye kambi hiyo, siku chache tu baada ya yale ya kwenu Tanganyika. Lakini sisi Kiswahili chetu hatukukipata kambini, tulikipata kiwandani na bombani, akina mama wakisubiri maji wanagombana na kupatana kwa Kiswahili.

Kuanguka sasa. Agosti 1972 Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke. Jinja iliumia kuliko miji mingi kwa sababu maduka, viwanda vingi na mafundi wakuu walikuwa wao. Mali ikagawiwa kwa askari na marafiki. Mashine hazifi siku moja, Fundi wewe unajua, zinakufa kidogo kidogo, kifaa kimeharibika, fedha za kigeni hakuna, unatoa kifaa mashine ya jirani unaweka hii, mwaka unaofuata zote mbili zimesimama. Shaba ikaisha namna hiyo, kiwanda kikazimwa. Mzee akawa anakwenda kazini anakaa kwenye benchi, pamba haijaja au kifaa hakijaja, jioni anarudi. Hilo ndilo lilimmaliza, sio umaskini.

Leo vipo, tena vingi. Nytil iliuzwa miaka ya 90, sasa inaitwa Southern Range Nyanza lakini kila mtu anasema Nytil, wanashona mpaka sare za jeshi. Kakira ilirudi mikononi mwa akina Madhvani, na sasa makapi ya miwa wanayachoma wanafua umeme wanaiuzia gridi ya taifa. Bia ipo. Bidco, wale wale wa Thika, wana kiwanda kikubwa cha mafuta ya mawese. Vyuma vipo. Na nje kidogo ya mji Kiira Motors wamejenga kiwanda cha mabasi ya umeme, hicho ndo naombea sana kifanikiwe. Tangu Julai 2020 tumepewa hadhi ya jiji. Ila ajira za leo sio za mzee wangu, nyingi ni za kibarua, hakuna kota, hakuna timu ya mpira ya kiwanda.

Sehemu za kutembelea ntarudi kuandika, vidole vimechoka.

Ntare_wa_Buja
Mtoto wa Walukuba umeandika vizuri sana nimefurahi kusoma, ila kwenye chanzo cha Nile niruhusu niseme kidogo kwa heshima. Mto unaotoka Jinja unatoka ziwani sawa, lakini ziwa lenyewe linajazwa na nani? Mto mkubwa kuliko yote unaoingia Ziwa Victoria ni Kagera, na Kagera inatoka kwetu Burundi na kwa ndugu zetu Rwanda. Kule Rutovu, kusini mwa Burundi, kuna kilima chenye piramidi ndogo ya mawe, ilijengwa na Mjerumani mmoja anaitwa Burkhart Waldecker miaka ya 30 baada ya kufuata vijito mpaka mwisho wake, na chini yake kuna kijichemchemi ambacho unaweza kukiruka kwa hatua moja. Wanyarwanda nao wanasema chao ni msitu wa Nyungwe. Tunabishana lakini hakuna anayesema Jinja.

Fundi ukiwa na muda siku nyingine njoo na huku.

Mtoto_wa_Walukuba
Ntare ndugu yangu hatugombani, maji ni yenu, yanapita tu kwetu kupata jina. Mimi huwa nawaambia wageni hapa ndipo Nile nyeupe inapotoka ziwani kuanza safari, kama miezi mitatu mpaka ifike bahari ya Mediterania huko kaskazini, hiyo hakuna wa kuipinga.

Haya Fundi, sehemu za kutembelea. Kwenye chanzo chenyewe ukweli usemwe, usitegemee kuona maporomoko. Ripon iliondolewa, mwamba ulichimbwa na kulipuliwa wakati wa bwawa ili maji yapite vizuri, kwa hiyo utaona mto mpana umetulia, na boti inakupeleka kwenye kisehemu maji yanafurukuta juu ya mawe ya chini. Utaweza kusikitika usipoelezwa kabla. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko lilivyowahi kupimwa pale gatini Jinja, likapita kidogo hata rekodi ya 1964, na vibanda vingi vya ukingoni vilimezwa. Na kwa upande mwingine 2005 na 2006 lilishuka mpaka gati zikabaki juu, ukame ulikuwepo lakini pia mabwawa yalikuwa yameachilia maji kupita makubaliano, na umeme ukawa wa mgao nchi nzima. Kwa hiyo ukisimama pale mwambie mwanao hapa ndipo ziwa lenu la Mwanza linapofungwa na kufunguliwa, wakifungua sana huku, kwenu maji yanarudi nyuma.

Hapo hapo bustanini kuna sanamu ya Gandhi. Sehemu ya majivu yake yalimwagwa Nile 1948, na sanamu ilizinduliwa 1997 na waziri mkuu wa India wa wakati huo. Wahindi wanakuja kuweka maua.

Bujagali mnayoiona kwenye picha za zamani haipo tena. Bwawa la Bujagali, megawati 250, lilizinduliwa 2012 na maporomoko yakazama, na palikuwa mahali patakatifu kwa Wasoga, pana mlinzi wake wa kiroho ambaye alikataa kuondoka na mizimu yake mpaka ikawa habari za dunia. Halafu 2019 likafuata Isimba huko chini. Mimi nina mawazo mawili juu ya hili na sitayaficha. Naelewa umeme, mimi mtoto wa kiwanda, kota yetu ilikuwa na taa wakati vijiji vyote vina vibatari. Lakini mto ulikuwa na maporomoko mengi na sasa yamebaki ya kuhesabu, Itanda na Kalagala, na ahadi ilikuwa kwamba Kalagala haitaguswa. Nendeni Itanda Fundi, msimame kwenye mawe, msikie ule mngurumo, ndo mtajua Jinja ilikuwa inasikika vipi kabla ya 1954. Watoto washikeni mikono.

Fundi_Kirumba
Aisee nimesoma mpaka mke wangu ameniuliza kuna nini. Asanteni sana. Hilo la mashine kufa kidogo kidogo umelisema kama fundi kabisa, nimeyaona kwa macho yangu huku kwenye viwanda vyetu vya nguo.

Nina nyongeza mbili. Moja, hizo nyumba za Wahindi zipo bado? Naona picha za Main Street majengo yana miaka juu, 1920 na kitu, mazuri sana. Mbili, mjomba wangu alikuwa JWTZ vita ya Kagera na anasema walifika Jinja. Kuna anayejua?

Iganga_Road
Naomba nijibu la nyumba. Mimi nilizaliwa Jinja, familia yetu ilikuwa na duka la vitambaa Iganga Road, chini duka, juu tunaishi, nyuma ua na jiko. Tuliondoka 1972 nikiwa bado mtoto wa shule, sasa naishi Leicester, Uingereza, mji ambao una watu wa Uganda wengi sana. Kiswahili changu ni cha dukani, mtanisamehe, lakini nyumbani bado tunasema kisu, sufuria, machungwa, hatusemi kwa Kigujarati.

Ndiyo zipo. Tazama juu ukitembea Main Street, usitazame duka, tazama ukuta wa juu. Utaona mwaka, pengine jina la ukoo au la mama wa nyumba, maua ya saruji, nguzo, baraza. Kila familia ilitaka nyumba yake iwe nzuri kuliko ya jirani. Ukishuka upande wa ziwa, barabara kama Nile Crescent na Bell Avenue, kuna nyumba kubwa za bustani, miembe na mijakaranda.

Sheria ya kurudisha mali ilikuwepo tangu 1982 lakini ilifanya kazi kweli miaka ya 90 serikali ya Museveni ilipoita watu warudi. Wengine walirudi, wengine walichukua hati wakauza. Baba hakutaka kurudi. Mimi nilikwenda baadaye, nikakuta ndani anakaa mama mmoja na wajukuu wake, amefungua cherehani pale pale mahali meza ya baba ilikuwa, na alinikaribisha chai bila kuuliza nimekuja kudai au vipi. Nilikunywa, nikamwambia nyumba ni yako mama. Watu walioingia nyumba zile baadaye wengi hawakumwibia mtu, waligawiwa au walipanga kwa aliyegawiwa, na wamezitunza kwa uwezo wao.

Naomba tu serikali ya jiji iyalinde majengo haya kabla hayajabomolewa yote kujengwa vioo. Mengi yameshakwenda.

Dereva_wa_Mutukula
Fundi mjomba wako anasema kweli. Kampala iliangukia mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, afu kikosi kikaendelea mashariki, na Jinja ikachukuliwa mwezi huo huo. Hofu kubwa ilikuwa bwawa, maana barabara ilipita juu ya bwawa lenyewe na askari wa Amin wangeweza kulilipua nchi nzima ikaingia gizani. Halikulipuliwa, mitambo ikabaki mizima. Mzee mmoja wa Njeru aliniambia watu walijaa barabarani wanapiga vigelegele.

Sasa njia, hilo ni langu mimi napiga Mutukula miaka yote. Zote mbili zinafaa. Ukipita Sirari, Kisumu, Busia unaingia Uganda unafika Iganga halafu Jinja bila kugusa Kampala, na foleni ya Kampala ni kitu cha kukwepa ukiwa na watoto. Ukipita Geita na Bukoba ni rahisi zaidi tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025, kivuko kimeisha, unaenda Mutukula, Masaka, Kampala, msitu wa Mabira afu Jinja. Faida ya njia hii ni kwamba kabla ya Mabira kuna Namawojjolo, pale basi likisimama tu vijana wanakuzunguka na kuku wa mishikaki na gonja, yaani ndizi, ya kuchoma, usilale usingizi hapo.

Kuvuka Nile siku hizi ni kwenye daraja jipya la nyaya, mita 525, lilifunguliwa Oktoba 2018 kwa mkopo wa Japani. Usipige picha ukiwa juu yake wala pale bwawani, askari wapo na hawana mchezo, simu inaweza kukaa kwao. Mzuri wa kupiga picha ni ukiwa kwenye boti mbali kidogo, na hapo pia muulize mwenye boti kwanza.

Samaki kula Masese au ukingoni, sato mzima wa kukaanga. Asubuhi tafuteni rolex, chapati iliyokunjwa na mayai na nyanya ndani, watoto watasahau chai ya nyumbani. Na maji ya ukingoni yenye majani watoto wasiogelee, kichocho kipo kama huko Mwanza.

Mtoto_wa_Walukuba
Dereva ameshamaliza, mimi naongeza la viwanda tu kwa sababu najua Fundi ndo anachokitaka. Kuingia kiwandani hivi hivi hutaingizwa getini, unatakiwa kuandika barua mapema, na hata hapo wengine hukataa. Ila umesema mwezi wa saba, basi umebahatika. Julai ndio kunakuwa na maonyesho ya kilimo na biashara kwenye viwanja vya maonyesho hapo Jinja, yanaandaliwa na shirikisho la wakulima la Uganda, na utakuta viwanda, vyuo vya ufundi, watu wa matrekta na pampu, wote wana mabanda na mafundi wao wamesimama hapo wanataka kuulizwa. Uliza tarehe kabla hujakata tiketi maana gesti zinajaa wiki ile.

Kakira unaweza kupita kwa gari barabara ya Iganga, mashamba ya miwa pande zote na mji wa kampuni ulio na hospitali na shule zake. Ukija na njia ya Busia utaiona kabla ya kufika mjini.

Na ukifika Walukuba usiogope kuingia, watu wa miji mingine huwa wanaambiwa wasiingie. Nenda mchana, muulize mzee yeyote aliyekaa barazani alikuwa kiwanda gani. Atakuambia namba ya mashine yake.